Hatari za Mchezo wa Ngumi na Haki ya Kusema Basi

Mchezo wa ngumi ni mkongwe, na maneno yake katika Kiswahili yastahili kutazamwa kabla ya kuitazama historia yake. Ngumi ni mkono uliofumbwa. Ni pigo litokalo katika mkono huo. Na tena ni mchezo wenyewe. Konde na sumbwi yana maana ya karibu na hiyo, na kutokana na sumbwi tumepata masumbwi, jina ambalo waandishi wa magazeti hulipenda sana. Ndondi ni jina la mchezo peke yake. Lakini neno lenye mafunzo kuliko hayo yote ni ulingo. Kwa mkulima, ulingo ni jukwaa la miti lililoinuliwa shambani, ambapo mlinzi huketi juu ili afukuze ndege wasile mazao. Siku hizi neno hilo latajwa zaidi kwa maana ya jukwaa lenye kamba ambapo watu wawili hupigana mbele ya watazamaji. Jukwaa la kulindia limekuwa jukwaa la kupigania. Swali la insha hii limo katika badiliko hilo: juu ya ulingo huu wa pili, mlinzi ni nani?

Wapenzi wa mchezo huu wakiulizwa juu ya vifo vyake, aghalabu hujibu kwa methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Wapiganaji nao wana methali iwafaayo: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Ya kwanza huondoa lawama. Ya pili huleta sifa. Zikiwekwa pamoja, methali hizi mbili hufanya ukuta ambao hoja za madaktari na watunga sheria zimegonga kwa muda mrefu bila ya kuubomoa. Yafaa basi tuipime kila moja kwa mizani ya historia, tuone kama mambo yaliyotukia yanazikubali.

Wayunani waliingiza ngumi katika michezo ya Olympia mwaka wa 688 kabla ya Kristo. Mikono ilizongwa kwa kanda za ngozi. Hapakuwa na raundi, wala mapumziko yaliyopangwa, wala mgawanyo wa wapiganaji kwa uzito wao. Pigano liliendelea mpaka mmoja ashindwe kabisa, au ainue kidole chake kuwa ishara ya kukubali kwamba ameshindwa. Kwa hiyo haki ya kusema basi ilikuwa mikononi mwa mwenye kuumia. Kwa sura yake kanuni hiyo ni ya haki kuliko zote, kwa maana nani aujua uchungu kuliko mwenye kidonda? Walakini Plutarch, akieleza sheria za Sparta, asema kwamba raia wa huko walikatazwa mashindano ambayo ndani yake mkono huinuliwa kukiri kushindwa. Wasparta walifahamu jambo ambalo wengine walilificha: kidole ni chepesi katika mkono, lakini ni kizito katika heshima. Mtu aliyelelewa aone haya kushindwa hawezi kuachiwa peke yake kazi ya kuamua wakati wa kuacha.

Mchezo huu kama tuujuavyo leo ulizaliwa Uingereza katika karne ya kumi na nane. Bingwa wake mkubwa wa wakati huo alikuwa Jack Broughton. Katika mwaka wa 1741 alipigana na George Stevenson, na Stevenson akafa siku chache baadaye kwa majeraha aliyoyapata. Tarehe 16 Agosti, 1743, kanuni za Broughton zilitangazwa, nazo ndizo kanuni za kwanza za ngumi zilizoandikwa katika nchi ile. Zilikataza kumpiga mtu aliyekwisha anguka, na kumkamata mtu chini ya kiuno. Zilimpa aliyeanguka nusu dakika ili arudishwe na wasaidizi wake katikati ya jukwaa, penye mraba uliochorwa, asipofika, ameshindwa. Broughton pia alitumia glavu zilizojazwa pamba au manyoya kwa wanafunzi wake wa tabaka la juu, wasirudi majumbani kwao na nyuso zilizovimba. Lakini glavu hizo zilikuwa za mafunzo tu. Katika pigano la fedha ngumi zilibaki tupu.

Msomaji ataona mambo mawili hapa. La kwanza, kanuni zilikuja baada ya kaburi. La pili, katika kanuni hizo haki ya kusema basi ilitoka kwa mpiganaji peke yake ikagawanywa kati yake na wasaidizi wake, ambao waliweza kumwinua au kumwacha chini. Hata hivyo wasaidizi walikuwa na fedha zao katika pigano, na mdhamini wa bingwa alikuwa na fedha zaidi. Mwaka wa 1750 Broughton mwenyewe alipigwa na Jack Slack hata macho yake yakafumba kwa uvimbe. Yasimuliwa kwamba mdhamini wake, ndugu wa damu wa kifalme, Duke wa Cumberland, alipomkemea kwa kuwa fedha zake zilikuwa zikipotea, Broughton alijibu kwamba hakushindwa, bali hamwoni mtu wa kumpiga. Hapo twaiona ile methali ya macho na moyo ikitimia kwa maneno yake yenyewe, na twaona pia nani aliyeingoja faida ya moyo huo.

Mtindo wa kaburi kutangulia kanuni uliendelea. Mwaka wa 1838 mpiganaji aliyejulikana kwa jina la Brighton Bill alikufa baada ya pigano lake na Owen Swift, na katika mwaka huohuo kanuni mpya za London zikatolewa. Katika mwaka wa 1867 zikatangazwa kanuni zilizopewa jina la Marquess wa Queensberry, ingawa mwandishi wake alikuwa John Graham Chambers. Hizo zilileta raundi za dakika tatu, mapumziko ya dakika moja, hesabu ya sekunde kumi kwa aliyeanguka, na glavu kwa kila pigano. Pigano la mwisho la ubingwa wa uzito wa juu kwa ngumi tupu lilikuwa la John L. Sullivan na Jake Kilrain, tarehe 8 Julai, 1889, katika jimbo la Mississippi. Lilichukua raundi 75 chini ya jua kali, nalo lilikwisha kwa sababu msaidizi wa Kilrain alitupa sifongo kati ya jukwaa, akiogopa kwamba mtu wake atakufa. Miaka mitatu baadaye, katika mji wa New Orleans, Sullivan alipoteza ubingwa wake kwa James Corbett, na mikono yote miwili ilikuwa imevaa glavu.

Watu wengi huamini kwamba glavu zililetwa ili kumkinga mwenye kupigwa. Jambo hili lataka kufikiriwa kwa makini, na methali yetu moja hutusaidia: mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Fuvu la kichwa ni ukuta. Mwenye ngumi tupu aliyelipiga fuvu kwa nguvu zake zote alivunja vidole vyake mwenyewe. Kwa hiyo alilazimika kulenga shingo, mbavu na tumbo, na kuhesabu mapigo ya kichwani. Glavu ilimwondolea adhabu hiyo. Ilipunguza michaniko ya ngozi na kuvunjika kwa mifupa ya uso, mambo yaonekanayo. Lakini ilimpa mpigaji uwezo wa kulipiga fuvu mara nyingi bila ya kuumia. Hii si kusema kwamba ngumi tupu zilikuwa salama, maana tumekwisha taja vifo vyake. Ni kusema kwamba dawa ya hatari ya nje ilifungua njia kwa hatari ya ndani, na kwa kuwa ya ndani haionekani, watazamaji walidhani mchezo umestaarabika.

Sheria ya nchi nayo haikukaa kimya. Mwaka wa 1882, katika kesi ya Coney, majaji wa Uingereza waliamua kwamba pigano la fedha kwa ngumi tupu ni kosa, na kwamba ridhaa ya wapiganaji haiwezi kuwa utetezi. Uamuzi huo ni mzito kuliko urefu wake. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kuutoa mwili wake uharibiwe hadharani kisha akasema, ni mwili wangu. Lakini mchezo wa glavu, wenye mwamuzi na saa, ulipita katika tundu la sheria hiyo ukahesabiwa kuwa mashindano ya ustadi, nao ukaendelea.

Ni madaktari walioanza kuichunguza hatari isiyoonekana. Mwaka wa 1928 Harrison Martland, mchunguzi wa maiti katika jimbo la New Jersey, aliandika juu ya hali ambayo watu wa ulingoni waliijua zamani na kuifanyia mzaha: bondia wa zamani aendaye kwa kuyumba, mwenye ulimi mzito na mikono itetemekayo, ambaye walimwita mlevi wa ngumi. Martland alionyesha kwamba haikuwa kichekesho bali ugonjwa wa ubongo. Mwaka wa 1969 daktari Roberts wa Uingereza alitoa matokeo ya uchunguzi wa mabondia 224 waliostaafu, waliochaguliwa bila upendeleo kutoka katika daftari la mabondia wa kulipwa. 37 kati yao walikuwa na dalili za uharibifu huo, na waliopigana miaka mingi walikuwa katika hatari zaidi. Mwaka wa 1973 Corsellis na wenzake walieleza hali ya ubongo wa mabondia 15 waliokwisha kufa, na mabadiliko waliyoyakuta humo. Tangu hapo hakuna mtu wa elimu awezaye kusema kwamba jambo hili ni la bahati tu.

Hatari basi ni za namna mbili. Moja ni uharibifu wa polepole, ambao hutokana na mapigo mengi, hata yale ya mazoezini yasiyomwangusha mtu. Nyingine ni kifo cha ghafula. Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji. Pigo likikizungusha kichwa kwa ghafula, fuvu hutangulia na ubongo hufuata nyuma, na mishipa midogo ya damu iliyo kati yake hukatika. Damu hukusanyika chini ya utando na kuukandamiza ubongo. Jambo la kutisha ni kwamba kazi hiyo yaweza kuchukua muda. Mtu huweza kusimama, kusema, hata kugomba, huku damu ikijikusanya. Kwa hiyo mpiganaji aliye katika hatari kubwa aweza kuwa ndiye asemaye kwa nguvu kwamba hana neno.

Mfano wa Kenya watosha kulieleza hilo. Robert Wangila alipata medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, akimshinda Laurent Boudouani wa Ufaransa kabla ya muda kwisha, naye akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya ngumi katika Olimpiki. Baadaye alikwenda Marekani kupigana kwa kulipwa. Mwezi wa Julai, 1994, katika mji wa Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pigano lake na David Gonzalez katika raundi ya tisa. Imeelezwa kwamba Wangila alilalamika, akitaka aachwe aendelee. Muda si muda alizirai, akapelekwa hospitali, na baada ya siku mbili akafariki, akiwa na umri wa miaka 26. Moyo wake haukufa. Ubongo wake ulikuwa ukifa wakati moyo ukisema. Mtu hawezi kutoa mfano mzuri kuliko huu wa sababu kwa nini kidole cha Wayunani hakitoshi.

Kama mpiganaji hawezi kusema basi, je, mwamuzi aweza? Tarehe 24 Machi, 1962, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Emile Griffith alipigana na Benny Paret wa Kuba kugombea ubingwa. Wakati wa kupimwa uzito Paret alimtukana Griffith tusi zito. Miezi mitatu tu kabla ya hapo Paret alikuwa amepigwa vibaya na Gene Fullmer, mtu wa uzito mkubwa zaidi. Katika raundi ya kumi na mbili alinaswa penye kona, kichwa chake kikiwa kati ya kamba, akapigwa mfululizo wakati hana tena uwezo wa kujikinga wala wa kuanguka. Mwamuzi alichelewa. Paret hakupata fahamu tena, akafariki tarehe 3 Aprili. Mamilioni ya watu waliliona jambo hilo katika televisheni. Griffith aliishi mpaka mwaka wa 2013, na miaka mingi aliteswa na ndoto za usiku. Katika uzee wake alikutanishwa na mwana wa Paret, na kijana huyo alimkumbatia. Watazamaji husahau kwamba ngumi ikiua humpiga na aliyeirusha.

Miaka ishirini baadaye, tarehe 13 Novemba, 1982, Kim Duk-koo wa Korea ya Kusini alipigana na Ray Mancini huko Las Vegas. Yasimuliwa kwamba kabla ya siku hiyo aliandika juu ya kifuniko cha taa ya chumba chake maneno ya kwamba ataishi au atakufa. Aliangushwa katika raundi ya kumi na nne, akafa siku chache baadaye. Katika mwaka uliofuata mama yake alijiua, na mwamuzi wa pigano naye alijiua, ingawa hapana awezaye kusema kwa yakini yaliyokuwa moyoni mwake. Chama kimoja kikubwa cha ngumi ulimwenguni kikapunguza mapigano ya ubingwa kutoka raundi 15 kuwa 12, na vingine vikafuata kabla ya mwaka wa 1989. Kaburi likatangulia tena, na kanuni ikafuata.

Kisha tarehe 21 Septemba, 1991, Michael Watson alizirai mjini London baada ya pigano lake na Chris Eubank. Msaada wa kumrudishia pumzi haukuwa tayari pale ulingoni. Alikaa siku 40 bila fahamu, akabaki na kilema. Alishtaki, na mwaka wa 1999 Mahakama Kuu iliamua kwamba baraza linalosimamia ngumi Uingereza lilikuwa na wajibu wa kuhakikisha matibabu yanayofaa yapo. Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka wa 2000. Baada ya mkasa wa Watson matayarisho ya matibabu yaliimarishwa. Mwaka wa 1998 Spencer Oliver alianguka katika mji huohuo, lakini yeye alihudumiwa palepale, akapasuliwa upesi, akaishi na kupona. Watu wawili, jeraha la aina moja, mji mmoja, na tofauti yao ni matayarisho. Hapa ile methali ya ajali haina kinga inapata jibu lake. Methali hiyo ni kweli kwa jambo lisilotazamiwa. Lakini jambo linalotukia kwa njia ileile kwa miaka mia mbili na zaidi haliwezi kuitwa ajali bila ya kuionea lugha.

Je, watazamaji nao wana sehemu gani? Wao ndio walipao, na mara nyingi hulipa kwa kitu ambacho hawapendi kukitaja. Husifu ustadi, lakini husimama vitini mwao mtu akianguka. Humsifu zaidi ya wote mpiganaji awezaye kustahimili mapigo. Tarehe 30 Oktoba, 1974, huko Kinshasa, Muhammad Ali alijiegemeza katika kamba akamwacha George Foreman ampige mpaka achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Afrika nzima ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mapigo aliyoyapokea hayakupotea kwa kuwa alishinda. Daktari wake, Ferdie Pacheco, aliacha kazi yake mwaka wa 1977 kwa sababu ushauri wake wa kuacha ngumi haukusikilizwa. Ali aliendelea mpaka mwaka wa 1981; mwaka wa 1984 ilitangazwa kwamba ana ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson. Hapana awezaye kugawa sawasawa sehemu ya ngumi na sehemu ya maumbile katika maradhi yake, lakini wengi waliomjua hawakuwa na shaka.

Kati ya mapigano yake yote, lililo na mafunzo makubwa kwa swali letu ni lile la Manila, tarehe 1 Oktoba, 1975. Baada ya raundi kumi na nne Joe Frazier alikuwa karibu haoni. Alitaka kuendelea. Mwalimu wake, Eddie Futch, ambaye alikuwa amekwisha kuona mabondia wakifa kwa ngumi, alimkataza asisimame kwa raundi ya mwisho. Raundi moja ilibaki, ubingwa wa dunia ulikuwa mbele yao, na Ali upande wa pili alikuwa taabani. Linganisha jambo hili na lile la Broughton wa mwaka wa 1750: bingwa asiyeona, na moyo usiokubali. Mmoja alisimamiwa na mtu aliyehesabu fedha zake. Mwingine alisimamiwa na mtu aliyehesabu miaka iliyobaki ya kijana wake. Frazier aliishi miaka 36 baada ya siku ile.

Wako waliosema kwamba dawa ni kuufuta mchezo. Edith Summerskill, daktari na mbunge wa Uingereza, alipigania hivyo bila ya kufaulu katika miaka ya 1950 na 1960. Sweden ilikataza ngumi za kulipwa mwaka wa 1970, na Norway katika miaka ya 1980. Zote mbili zimekwisha kulegeza. Zanzibar nayo ilikataza ngumi baada ya Mapinduzi ya mwaka wa 1964, na katazo hilo likaondolewa katika miaka ya 2020. Wapiganaji hujibu kwamba ulingo umewatoa katika umaskini, na kwamba mwenye shibe asimfundishe mwenye njaa kuogopa. Jibu hilo lina ukweli, wala halifai kudharauliwa. Lakini lathibitisha hoja ya majaji wa mwaka wa 1882 kuliko kuipinga: ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa dhaifu, na kwa hiyo yahitaji mlinzi zaidi.

Tukirudia methali zetu mbili, historia imezipa hukumu tofauti. Ya ajali imeshindwa, maana kila kanuni iliyotajwa hapa ni ushahidi kwamba kinga ilikuwapo nayo ilikawia kutafutwa. Ya macho na moyo haikushindwa, lakini imewekewa mpaka. Moyo ni sifa ya mpiganaji, na hatumtakii aukose. Kwa sababu hiyohiyo hatuwezi kumwachia yeye kazi ya kusema basi, wala kumwachia mwenye fedha, wala watazamaji. Lazima awepo mtu mmoja penye kamba asiyepata faida kwa pigano kuendelea, mwenye ujuzi wa kuiona hatari isiyoonekana, na mwenye amri isiyobishwa. Mkulima hakuacha kulima kwa sababu ya ndege. Alijenga ulingo akaweka mlinzi juu yake. Wenye kuupenda mchezo huu wamelichukua jina la mkulima. Imebaki wachukue na kazi yake.